Niliganda mbele ya panga, sasa kidole hakitoki kwenye triga

Shikamooni wakubwa wa safu hii,

Mimi ni askari konstebo, nina miaka minne kazini, niko kituo kimoja cha wilaya Kanda ya Ziwa. Nina mke na mtoto mmoja. Wilaya naomba msiitaje.

Miezi miwili iliyopita tulikuwa doria ya usiku kwa miguu, mimi na koplo wangu. Kwenye saa nane tukasimamisha pikipiki iliyobeba watu wawili, haina taa wala namba. Nikasogea upande wa dereva, bunduki yangu ya SMG ikiwa inaning'inia begani, nikawaambia watoe vitambulisho. Yule wa nyuma akaingiza mkono ndani ya koti, ukatoka na panga. Nililiona linapanda. Niliona hata kutu iliyokuwa karibu na mpini. Lakini mikono yangu haikufanya kitu. Koplo anasema alinipigia kelele mara tatu, mimi sikusikia hata moja. Panga lilichana mkono wa koti langu bila kugusa ngozi, wakaruka, wakakimbia wakaiacha pikipiki. Muda wote huo sikushika hata mkanda wa bunduki.

Kituoni niligeuka kichekesho. Wengine wananiita Sanamu mpaka leo. Mkubwa wangu mmoja alinishauri nipate pombe kali kidogo kabla ya kulala, eti itapita.

Haijapita, imegeuka upande wa pili. Siku hizi tukitoka kituoni tu natoa sefti, kile chuma kinachofunga bunduki isipige, na kidole nakiweka kwenye triga. Wiki iliyopita kijana mmoja alikuwa anatoa simu mfukoni, nikamwelekezea mtutu kifuani. Koplo ndiye aliyeusukuma juu. Yule kijana alikaa chini akalia. Usingizi unakatika saa tisa kila siku, nikisikia pikipiki moyo unaenda mbio, na ile barabara ya tukio naizunguka hata nikiwa na nguo za kiraia. Mke wangu anasema nimekuwa mtu wa kufoka.

Naomba mnijibu: mimi ni mwoga? Huku kujiandaa kwa akili kunafundishika au mtu anazaliwa nako? Na nikimwambia OCS, mkuu wangu wa kituo, si nitanyang'anywa silaha, nikae kaunta, kazi yangu iwe imeishia hapo?

Konstebo, Kanda ya Ziwa

MAJIBU

Marahaba, mdogo wetu, na pole sana. Tunaanza na jambo ambalo hukuliuliza kwa sababu ndilo la haraka: doria inayofuata usiende na silaha ya moto. Yule kijana wa simu yuko hai kwa sababu koplo alikuwa karibu na aliwahi. Mara nyingine koplo anaweza kuwa amegeukia upande mwingine. Namna ya kulisema hilo kwa OCS bila kujiangusha tutaifikia mbele, lakini ukisoma mistari hii mitano tu ukaacha, hilo peke yake litoshe kukupeleka ofisini kwake kesho asubuhi.

Kama yamekujia mawazo ya kujidhuru, hata yale ya kupita, usingoje kesho. Kabidhi silaha leo kwa mtunza ghala la silaha, mwambie koplo au mkeo, na uende hospitali mkiwa wawili.

Sasa maswali yako. Mwoga hapana. Uliyoyaeleza yana kumbukumbu zake. Mwaka 2002 mwanasaikolojia wa Marekani, Alexis Artwohl, alichapisha majibu ya askari 157 waliopitia matukio ya kupigana risasi. Katika kila 100, kama 84 walisema sauti zilififia au zilipotea kabisa, 79 macho yaliwafinyika wakaona sehemu ndogo tu ya mbele, na 71 waliona kitu fulani kwa uwazi usio wa kawaida. Kutu ya mpini na kelele za koplo ambazo hukuzisikia ziko humo. Saba katika kila 100 waliganda kwa muda, kama wewe. Hao wote ni watu waliofunzwa na wenye vyeo vyao. Mwili ukishtuka humwaga adrenalini, damu hukimbilia misuli mikubwa, vidole hupoteza ufundi, na kazi ya kupima na kuchagua inakuwa ya mwisho kupewa nafasi. Anayelazimika kuanza kufikiri wakati huo amechelewa, awe na moyo wa namna gani.

Hapo ndipo tatizo lako lilipo. Hukuwa na uamuzi uliokwisha kufanywa kabla. Ulifika kwenye ile pikipiki ukiwa na bunduki, cheo na sheria, lakini hukuwa umekubaliana na nafsi yako kwamba mkono ukiingia ndani ya koti utafanya nini: mguu upi uanze, neno gani litoke, mtutu uelekee wapi. Akili ikaanza kuchagua, panga likawahi.

Na huu wepesi wa triga ulionao sasa ni kasoro ileile imevaa nguo nyingine. Watafiti wa Uholanzi, Arne Nieuwenhuys na wenzake, walionyesha mwaka 2012 kwamba askari wakitiwa wasiwasi wanakuwa wepesi zaidi kumpiga risasi hata mtu anayejisalimisha, kwa sababu hofu inawafanya wategemee kile wanachotarajia kukiona badala ya kile kilichopo. Wewe sasa unatarajia panga, kwa hiyo kila kinachotoka mfukoni kinakuja kama panga. Asiyekuwa na uamuzi wa mapema ama anaganda, ama anafyatua mapema. Wenzako wanaocheka la kwanza wangelia kwenye la pili.

Turudi barabarani, maana kuna mambo matatu ya pale yaliyoanza kukuponza kabla ya hofu kufika.

La kwanza ni amri yenyewe. Ukimwambia mtu "toa kitambulisho", umeuamuru mkono wake uende mfukoni au ndani ya koti. Umekitengeneza mwenyewe kile kitendo kinachokutisha, na huyo wa panga umempa kisingizio. Yule kijana wa simu pia, jiulize ulikuwa umemwambia nini sekunde moja kabla. Amri ya kwanza ishughulike na mikono: "Polisi! Zima pikipiki. Dereva, mikono kwenye usukani. Wa nyuma, mikono juu ya mabega ya dereva. Msishuke." Kitambulisho kinafuata baadaye, tena kwa swali: "Kiko wapi? Nijibu kwa mdomo." Akishakujibu ndipo unamwambia atumie mkono wa kushoto, vidole viwili, polepole. Mtu mwema aliyeshtuka anaielewa amri ya namna hiyo. Asiyeitii baada ya kuambiwa mara mbili amekupa taarifa muhimu akiwa bado mbali.

La pili ni umbali. Mwaka 1983 Dennis Tueller, askari wa Salt Lake City, alipima akakuta mtu mwenye kisu anamaliza futi 21, yaani kama mita 6.4, kwa sekunde moja na nusu hivi, karibu muda uleule ambao askari mzoefu anauhitaji kuchomoa bastola kiunoni na kupiga. SMG iliyoning'inia begani inataka muda mrefu zaidi: kuishusha, kuishika, kutoa sefti, kulenga. Wewe ulikuwa umbali wa kugusana. Kipimo hiki kimetumiwa vibaya pia, watu wakadhani kila mwenye kisu aliye ndani ya mita sita anaruhusu risasi. Haimaanishi hivyo. Maana yake ni kwamba usikubali kusimama hapo. Rudi nyuma kwa mshazari, weka pikipiki, mti au gari kati yako naye, ununue zile sekunde. Kitu kizito kilicho katikati humchelewesha mtu wa panga kuliko bunduki iliyo begani.

La tatu ni mpangilio wa watu wawili. Mmoja anasema, mwingine analinda, na hizo kazi hazichanganywi. Msemaji asimame nyuma kidogo ya ubavu wa pikipiki, mahali anapoiona mikono ya wote wawili, asisogee kwenye usukani. Mlinzi akae pembeni, mita tano hadi saba, mkae kama herufi L ili mwenzake asiwe kwenye njia ya risasi. Mlinzi haongei, hapekui, haandiki. Anatazama mikono. Mkitaka kubadilishana kazi, semeni kwa sauti: "Chukua ulinzi." "Nimechukua."

Sasa kuiandaa akili yenyewe. Inafundishika, na haihitaji kozi ya gharama. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 juu ya mipango ya aina ya "nikiona hiki, nitafanya hiki", na tafiti nyingi baada yake zimeonyesha inashinda nia ya jumla kama "nitakuwa makini". Ile alama ikitokea, kitendo hufuata bila kujadiliwa. Andika sentensi chache kwa kalamu, zisizidi nne, kwa maneno yako. Kwa mfano: "Nikiona mkono umeingia usipoonekana, nitapiga hatua mbili nyuma na kulia, nitasema kwa sauti kubwa: Polisi, mikono!" Nyingine: "Nikiona panga limeinuliwa kuja kwangu au kwa koplo, nitaweka kizuizi kati yetu, nitainua mtutu na kutoa onyo." Nyingine, na hii usiiache: "Nikiona kilichotoka ni simu, nitashusha mtutu na kutoa pumzi." Kila sentensi iwe na kitu cha kuonekana kwa macho na kitendo cha mwili. "Nikihisi hatari nitachukua hatua" haisaidii, kwa sababu haiambii miguu iende wapi.

Zisome kabla ya kila zamu, halafu zirudie kichwani kwa dakika kumi, umekaa, simu imezimwa. Tazama kwa macho yako mwenyewe, usijione kama unajitazama kwenye video. Tia harufu ya petroli, mwanga wa tochi, jasho mgongoni, uzito wa magazini ya risasi. Amri ziseme kwa sauti. Tukio liende kwa mwendo wake halisi. Na liwe na kosa ndani yake: tochi imeanguka, amri ya kwanza haikusikika, nawe unaendelea. Anayejizoeza ushindi mtupu hukwama pale jambo la kwanza linapoenda kombo.

Tunasisitiza hapa kwa sababu wengi wanakosea: katika kila marudio matatu, mawili yaishie bila risasi. Doria za kweli zimejaa simu, pochi, ufunguo na chupa ya maji. Ukijizoeza mapanga tu, utaifundisha akili kuona mapanga tu, na huko tayari umefika. Jizoeze pia kuacha. Panga limeanguka chini, mikono iko juu, mtutu wako unashuka, sauti inatulia, koplo anafunga pingu. Kuacha ni ufundi unaohitaji marudio yake.

Halafu mwili. Na koplo, mara mbili kwa wiki, nyuma ya kituo au uwanjani, bila silaha kabisa. Tumia fimbo yenye urefu wa SMG na mkanda. Koplo anaweka vitu tofauti ndani ya koti: simu, noti, rula, kipande cha ubao chenye umbo la panga. Wewe hujui kitakachotoka. Kimbia mita 100, rudi ukihema, toa amri, naye achomoe. Fanyeni kama mara 15, mbadilishane. Kukimbia hakufanani na hofu, ila kunakuzoesha kutoa amri na kutambua kitu wakati mapigo yako juu na vidole vinatetemeka. Baada ya kila mzunguko koplo akuulize maswali mawili tu: kilichotoka ni nini, na mkono mwingine ulikuwa wapi. Ukishindwa kujibu, ulikuwa unaangalia uso.

Mazoezi ya bunduki yenyewe isiyo na risasi yafanyike kituoni, mbele ya mtunza ghala au mkufunzi. Magazini imetoka, chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, imetazamwa kwa macho na kupapaswa kwa kidole, na mwenzako arudie ukaguzi. Risasi zote ziwe chumba kingine, mtutu uelekee upande usio na mtu. Ukiambiwa hakuna nafasi ya kufanya hivyo, baki na fimbo.

Unatembea na sefti imetolewa, kidole kwenye triga. Tazama kile chuma cha sefti vizuri siku utakapokuwa ghalani. Kwenye SMG, sefti ikiwa juu imefunga. Ukiisukuma chini, kituo cha kwanza ni risasi za mfululizo, cha mwisho kabisa chini ndiyo moja moja. Mkono wa mtu mwenye wasiwasi, gizani, mara nyingi huishia katikati. Maana yake inawezekana umekuwa ukipita katikati ya raia na mfululizo, magazini ya risasi 30 ambayo kwa mwendo wa bunduki ile humalizika kwa kama sekunde tatu. Na kidole nacho hakihitaji nia. Ukijikwaa, ukishtuliwa, au mkono wa kushoto ukimkamata mtu kwa nguvu, vidole vya kulia hujikunja vyenyewe, na kilicho kwenye triga kinajikunja pamoja navyo. Kidole kilale juu ya chuma, nje ya kikinga triga, mpaka uamuzi wa kupiga uwe umefanyika. Ukihofia kuchelewa, ujue kukiingiza hakuchukui hata nusu sekunde. Ambayo haikuwahi ni ile bunduki iliyokuwa begani. Ibebe mbele ya kifua, mkanda shingoni, mtutu ukitazama chini, na hapo utakuwa umepata muda mwingi kuliko ule unaouiba kwa kidole.

Pumzi inachekwa na askari wengi, nasi tunaichukulia kwa uzito. Vuta kwa hesabu ya nne, shikilia nne, toa nne, tulia nne, mara nne. Yote ni kama dakika moja. Ifanye mkiwa mnatoka kituoni, simu ya upepo ikiita tukio, na mkifika kabla hamjashuka. Usijaribu hesabu hiyo panga likiwa hewani. Hapo ni pumzi moja tu ndefu ya kutoka, pamoja na ile amri ya sauti kubwa. Sauti yako mwenyewe inafungua mwili uliokwama. Mtu aliyeganda anayefanikiwa kutoa neno moja mara nyingi hupata na mguu wa kwanza.

Kuhusu kukaa tayari usiku mzima. Jeff Cooper, aliyekuwa afisa wa kikosi cha Marine cha Marekani, aligawa hali za akili kwa rangi: nyeupe ni kutojali, njano ni kutulia huku unatazama, chungwa ni pale kitu maalumu kimekushtua, nyekundu ni uamuzi umefikiwa. Wewe unatoka kituoni ukiwa nyekundu na unarudi nyekundu. Hakuna mwili unaobeba hivyo kwa muda wa saa nane. Unachoka, unaona vivuli, halafu ukifika mahali unapopaona salama unaanguka moja kwa moja kwenye nyeupe. Kaa njano. Namna ya kujua upo njano ni kujiuliza kila mara: hapa nilipo, kitu gani kinazuia risasi? Mabati hayazuii, mlango wa gari hauzuii, ukuta wa udongo mara nyingi hauzuii. Injini ya gari na shina nene la mwembe, ndiyo.

Na hapo panapoonekana salama ndipo patazamwe zaidi. Mbande, Temeke, Agosti 2016, askari wanne waliuawa nje ya tawi la benki wakati wa kubadilishana lindo. Stakishari, Ukonga, Julai 2015, wavamizi waliingia kituoni usiku, wakaua na kuondoka na silaha. Kibiti, Aprili 2017, askari wanane waliuawa wakiwa ndani ya gari la kazi. Agosti 2021, barabarani karibu na Ubalozi wa Ufaransa, Dar es Salaam, askari watatu na mlinzi wa kampuni binafsi waliuawa mchana kweupe. Hatusemi wale marehemu walizembea, Mungu awarehemu. Tunasema matukio hayo yaliwakuta kituoni, garini, kwenye lindo la kila siku. Kwa hiyo mkiwa mnabadilishana zamu, wawili waendelee kutazama nje, migongo kwa wenzao, mpaka anayepokea aseme "tumepokea". Salamu na stori zisubiri dakika mbili.

Sheria nayo iingie kwenye mazoezi, kwa kuwa askari asiyejua mipaka yake husita pale asipopaswa kusita na kuvuka pale asipopaswa kuvuka. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 18B, inakuruhusu kutumia nguvu ya kiasi inayohitajika kujilinda au kumlinda mwingine, haizidi hapo. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1990 juu ya silaha za moto zinataka ujitambulishe kuwa ni polisi, utoe onyo la wazi na muda wa kulitii, isipokuwa kama kungoja kutamweka mtu kwenye hatari ya kufa au kuumia vibaya. Ndiyo maana neno "Polisi!" liko mwanzo wa amri yako ya kwanza. Na nyuma ya unayemlenga kuna watu. Februari 2018 mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji aliuawa kwa risasi akiwa amekaa ndani ya daladala, Kinondoni, polisi walipokuwa wakitawanya waandamanaji. Risasi ya SMG inapita kwenye bati na kuendelea, na ile ya kutisha iliyopigwa juu lazima ishuke mahali fulani.

Jambo jingine la kuamua mapema: ukijeruhiwa, bado upo kazini. Wengi hulegea wakiona damu yao kwa sababu kichwani mwao kupigwa ni kufa. Kinachoua haraka ni damu ya mkono au mguu inayoruka, nayo inaweza kummaliza mtu ndani ya dakika chache. Kwa hiyo sentensi ya nne iwe: "Nikiona damu yangu, nitajificha kwanza, nitakaza, nitaita." Kaza kwa kitambaa kipana kama sentimita tano, juu ya jeraha, upande wa moyo, kwa sentimita tano hadi saba, usifunge kwenye goti wala kiwiko. Pitisha kijiti kigumu, zungusha mpaka damu isimame, kifunge kisifunguke, andika saa. Inauma sana, na lazima iume. Kamba ya viatu haifai, inakata nyama bila kuzuia damu.

Sasa hali yako ya leo. Kuamka saa tisa, moyo kwenda mbio kwa mlio wa pikipiki, kuzunguka barabara, kufoka: siku za mwanzo hivyo vyote ni vya kawaida na kwa wengi hupungua vyenyewe. Vikivuka mwezi mmoja na vikaingilia kazi na nyumba, ni kiwewe kinachohitaji tiba. Wewe umeshavuka. Mazoezi yote tuliyoeleza hayatibu hilo, na ukiyafanya juu ya kidonda kilicho wazi yanaweza kukuchochea zaidi. Tiba ianze, mazoezi yafuate kwa kibali cha anayekutibu. Nenda kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa ya mkoa, au Bugando, Mwanza. Ukiwa Dar es Salaam ipo pia Hospitali Kuu ya Polisi, Barabara ya Kilwa. Omba tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe, siyo vidonge vya usingizi peke yake. Valium ya duka la dawa usiiguse bila daktari. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2013 dawa za kundi hilo zisitumike kutibu mshtuko wa siku za mwanzo, na kuzizoea ni rahisi.

Ile pombe ya kulalia uliyoshauriwa, kama umeianza, iache. Inakuangusha usingizini haraka, kisha usiku wa manane inaukata, na huenda saa tisa yako inatoka humo. Ukitoka zamu ya usiku, lala kabla ya shughuli nyingine, chumba kiwe na giza. Mtu aliyekesha saa 17 mfululizo hupungua umakini kama aliyekunywa mpaka kilevi kwenye damu kikafika asilimia 0.05. Chai na kahawa zikome muda wa saa sita kabla ya kulala.

Ukija kuandika maelezo ya tukio lolote, pale usipokumbuka andika "sikumbuki". Usijaze pengo kwa alichokusimulia koplo. Mapengo ni sehemu ya mshtuko, na maelezo yaliyoshonwa ndiyo yanayomgeuka askari mahakamani.

OCS umwendee faraghani, siyo kaunta, na uende na ombi badala ya malalamiko. Sema hivi: "Afande, baada ya tukio la panga nina dalili ambazo hazijaisha, na wiki iliyopita nilikaribia kumpiga raia kwa makosa. Naomba barua ya kwenda hospitali, na naomba nipangiwe kazi isiyo na silaha mpaka daktari aseme niko sawa." Usiongeze hadithi ya jina la utani, itampa mlango wa kucheka. Akikujibu vibaya, liandike ombi lilelile kwa tarehe, ubaki na nakala, kisha upande ngazi kwa utaratibu. Hatuwezi kukuahidi kwamba hakuna atakayenong'ona. Ila kati ya wiki kadhaa za kaunta na kesi ya mauaji ya kijana mwenye simu, hakuna cha kupima. Jeshi linahitaji askari aliyesema mapema.

Mkeo mwambie tukio lilivyokuwa, kwa ufupi, bila kumficha. Sasa hivi anadhani kufoka kule ni kwa ajili yake.

Na koplo wako, mshukuru kwa mara zote mbili, kisha muombe jambo moja: mkubaliane neno fupi ambalo akilitamka, wewe unashusha mtutu kwanza na kuuliza baadaye. Liwe neno lisilotumika doria, mlifanyie mazoezi na zile fimbo. Siku daktari akikuruhusu kurudishiwa SMG, anza na doria za mchana, naye akiwa mlinzi na wewe msemaji, kwa zamu kadhaa kabla ya kurudi usiku, na ile barabara mkaipite mapema, kungali na jua.